Kuoka biskuti za Krismasi pamoja na watoto

Swali: Ndugu zangu, ningependa kuoka biskuti za Krismasi pamoja na wanangu wawili, wenye umri wa miaka 4 na 9, lakini kila tulipojaribu kinyunya kilinata mikononi na nyota tulizokata zikatanuka ovyo ndani ya oveni. Nifanyeje ili waifurahie kazi yenyewe, badala ya kunitazama nikihangaika?

Jibu la kwanza: Kinyunya chako kinahitaji kupoa. Siagi iliyolainika mno huyeyuka kabla biskuti haijashika umbo, na ndiyo maana nyota hutanuka. Kwa hiyo kiweke kwenye friji kwa saa 1, kisukume hadi unene wa milimita 5 hivi, kisha uoke kwa nyuzijoto 180 za Selsiasi kwa dakika 10 hadi 12. Zitoe biskuti mara kingo zake zinapoanza kubadilika rangi, kwani huendelea kukauka nje ya oveni.

Jibu la pili: Nakubaliana na mwenzangu, ila kinyunya kiandaliwe usiku uliotangulia, kwa sababu mtoto wa miaka 4 hawezi kungoja saa nzima. Mkubwa apime unga, mdogo akate maumbo, na tafadhali usizirekebishe nyota zake zilizopinda. Nyumbani kwetu bibi ndiye aliyesoma vipimo, nasi tukivirudia kwa sauti, na hadi leo harufu ya mdalasini hunikumbusha sauti yake.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Nitamwomba mama yangu aje atusomee vipimo.