Programu ya kumsimamia mtoto kwenye simu: ipi inafaa? Naomba tulinganishe

MamaWanne, Dar es Salaam

Habari zenu wazazi wenzangu. Mwanangu wa kwanza amemaliza darasa la saba Septemba, kidato cha kwanza ni Januari. Baba yake alimwahidi simu, na ahadi ni deni, kwa hiyo simu imeshanunuliwa. Ni Tecno yenye Android 13. Mtoto ana miaka 12 na miezi tisa. Hapo katikati kuna miezi mitatu na ushee ya kukaa nyumbani. Mimi niko dukani kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni, nyumbani anabaki yeye, wadogo zake na dada wa kazi.

Kilichonisukuma kuandika ni hiki. Wiki iliyopita nilifungua simu yangu mwenyewe, ambayo huwa anaichezea jioni, nikakuta ameingizwa kwenye kundi la WhatsApp la mchezo wa Free Fire lenye watu zaidi ya mia mbili. Nikasikiliza ujumbe wa sauti, wengine ni wanaume wazima. Mmoja amemwandikia pembeni amtumie picha yake, atampa almasi za mchezo. Mtoto hakutuma. Lakini mikono ilinitetemeka.

Nimetafuta nikapata majina: Family Link, Qustodio, Bark, mSpy, Microsoft Family Safety. Rafiki yangu ananisihi niweke ile ya siri inayosoma kila ujumbe, mtoto asijue kabisa. Mwingine anasema Family Link ni bure na inatosha. Mliowahi kuzitumia, naomba mnisaidie. Kulipia kidogo naweza, ila kadi ya kulipa kwa dola sina.

FundiSimu_Arusha

Pole dada. Na mpongeze kijana kwa kutotuma hiyo picha.

Kabla ya majina, jiulize unataka kuzuia au kusoma. Family Link ya Google inazuia. Itakuonyesha ametumia programu gani na kwa muda gani, utaweka kikomo cha saa kwa siku, utaamua simu ijifunge saa ngapi usiku, kila programu anayotaka kupakua Play Store itakuja kwako kwanza uikubali au uikatae, na utaona simu ilipo. Haisomi jumbe. WhatsApp ikishakuwa kwenye simu hiyo, Family Link haitakwambia nani kamwandikia nini. Ukilijua hilo mapema hutakata tamaa nayo.

Kwa simu yako ndiyo ningeanza nayo. Ni bure, inataka Android 7 kwenda juu kwa upande wa mtoto, na wewe na baba yake mnaweza kusimamia wote wawili, kila mmoja kwa simu yake.

Sasa sikiliza mambo mawili ninayokutana nayo mezani kila wiki. La kwanza ni akaunti. Wengi wananiletea simu wakilalamika Family Link inakataa. Nikifungua nakuta aliyewauzia aliwatengenezea akaunti ya Google dukani kwa haraka, akaandika mtoto amezaliwa 1990. Google inamwona mtu mzima, na mtu mzima hasimamiwi. Itoe akaunti hiyo, fungua mpya kwa tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Na fanya sasa kabla hajatimiza 13, kwa sababu katika nchi nyingi huo ndio mpaka wa Google. Ukitaka kumwekea usimamizi akiwa ameshauvuka, na yeye lazima aridhie.

La pili ni Xender, programu ya kurushiana mafaili. Watoto wetu hawahangaiki na Play Store, mwenzake anamrushia programu simu kwa simu hata bando hakuna. Ndani ya Family Link, kwenye mipangilio ya kifaa chake, kuna sehemu ya programu kutoka vyanzo visivyojulikana. Hakikisha imezimwa. Ukiiacha wazi, idhini zako za Play Store hazina maana.

BabaMbali_Maskati

Assalam alaykum. Mimi niko Maskati kikazi, watoto watatu wako Unguja na mama yao. Family Link ninayo mwaka wa pili, ya mkubwa na ya anayemfuata.

Uzuri wake kwangu ni kwamba nikiwa kazini huku bado naombwa ruhusa. Mtoto akitaka mchezo mpya, simu yangu inalia. Namwuliza ni wa nini, tunazungumza. Siku nyingine ndiyo mazungumzo yetu pekee, na ninayathamini.

Udhaifu wake ni bando. Mipaka niliyokwisha weka inaendelea kufanya kazi hata simu ikiwa haina intaneti, lakini nikibadilisha kitu kutoka huku, hakifiki mpaka simu ya mtoto ipate mtandao. Mahali alipo pia ni hivyo hivyo, unaona alipokuwa mara ya mwisho simu ilipokuwa hewani. Niliwahi kukesha nikidhani mwanangu yuko sokoni saa nne usiku, kumbe amelala kwao na bando limekwisha tangu alasiri.

Kuna na msimbo wa mzazi unaotokea kwenye programu yako na hubadilika kila baada ya muda. Ukimsomea mama yake kwa simu, anaifungua simu ya mtoto hata bila intaneti. Umenifaa sana siku za mitihani.

DadaWaMwanza

Niongeze la iPhone, maana kuna wanaosoma hapa na watoto wao wamerithi iPhone za shangazi walioko nje. Family Link haiwezi kuitawala iPhone ya mtoto. Huko unatumia Screen Time, ambayo imo ndani ya simu tangu iOS 12 ya mwaka 2018, bure. Tatizo ni kwamba ili uisimamie ukiwa mbali, na wewe uwe na kifaa cha Apple. Mimi natumia Samsung, kwa hiyo nimeishika iPhone ya binti mkononi, nikaweka mipaka humo humo na nywila ninayoijua mimi peke yangu. Nikitaka kubadilisha kitu nasubiri arudi kutoka shule. Inafanya kazi, ila ni ya kuvizia.

MwalimuKilifi

Hamjambo. Nafundisha sekondari ya msingi, na nyumbani nina wangu wawili.

Qustodio nimeitumia, kampuni yake iko Barcelona. Faida yake ni kuchanganya vifaa: simu, laptopu ya Windows, hata iPhone, vyote kwenye ukurasa mmoja. Ina mpango wa bure wa kifaa kimoja, ila mengi unayoyataka yako kwenye ule wa kulipia, na malipo ni ya mwaka. Kwenye simu za bei yetu ilinisumbua, kwa sababu simu hizo huzifunga programu zinazofanya kazi chinichini ili kuokoa chaji. Kila baada ya siku mbili naikuta imelala. Ilibidi niitoe kwenye orodha ya kuokoa chaji kwa mkono. Dada, kama una simu moja tu ya mtoto, sioni sababu ya kuilipia.

Bark usijisumbue nayo. Wazo lake nalipenda, kwamba haikuonyeshi kila kitu ila inakutahadharisha ikiona dalili za uonevu au za mtu anayemrubuni mtoto. Ila ni ya Marekani na inauzwa nchi chache. Barani kwetu niijuayo ni Afrika Kusini tu.

Microsoft Family Safety ni hasa ya laptopu na Xbox. Uchujaji wake wa tovuti unafanya kazi kwenye kivinjari cha Edge peke yake, vingine inavifunga.

Kuna kimoja hukukitaja nacho ni bure: kichujio cha DNS, yaani kinachokagua jina la tovuti kabla simu haijaifungua. Kampuni ya Cloudflare ilitoa cha familia mwaka 2020. Kwenye Android 9 na kuendelea unaingia mipangilio ya mtandao, kwenye DNS ya faragha, unaandika family.cloudflare-dns.com. Tovuti za ngono zinakataa kufunguka, iwe kwa WiFi au kwa bando. Kwenye ruta ya nyumbani unaandika 1.1.1.3. Haizuii kilichomo ndani ya WhatsApp wala TikTok, na mtoto mwenye VPN, programu inayopitisha intaneti njia nyingine, anairuka. Ndiyo maana inakaa vizuri pamoja na Family Link, maana VPN nayo ni programu, lazima ije kwako kuombwa.

Nimekua_Nayo

Shikamooni. Nina miaka 20, si mzazi, nimeingia hapa kwa sababu ya huyo rafiki anayekushauri ya siri.

Nilipokuwa kidato cha pili baba aliniwekea programu ya aina hiyo. Alikuwa anasoma kila kitu. Mimi sikujua kwa miezi kama mitano. Niligundua siku aliponifokea kwa jambo ambalo nilikuwa nimemwandikia rafiki yangu mmoja tu, usiku, kuhusu mwili wangu. Sikuwahi kumwambia mtu mwingine yeyote.

Baada ya hapo nikatafuta simu ndogo ya pili, nikaificha kwenye begi la shule. Mwaka uliofuata kuna mtu mzima alianza kunisumbua kwenye hiyo simu ya pili. Sikuweza kumwambia baba, kwa sababu ningeanzaje kueleza kwamba simu hiyo ipo? Nilihangaika nalo peke yangu karibu muhula mzima.

Baba yangu ananipenda na alikuwa na hofu kama yako, mama. Lakini mwanao amekataa kutuma picha akiwa peke yake, bila mtu kumchunga. Usimpe sababu ya kuanza kujificha.

FundiSimu_Arusha

Mdogo wangu, asante kwa kusema. Najua si rahisi.

Niongeze upande wa ufundi juu ya hizo za siri. Google hairuhusu programu ya kumfuatilia mtoto iwe Play Store kama inajificha, ni lazima ioneshe tangazo la kudumu kwamba ipo. Kwa hiyo ukiona maelekezo yanakwambia ruhusu vyanzo visivyojulikana na uzime Play Protect, ulinzi wa Google dhidi ya programu hatari, ujue unafungua mlango uleule niliokwambia uufunge.

Halafu zile jumbe na picha za mtoto zinakwenda wapi? Kwenye seva za kampuni. mSpy, mojawapo ya hizo za siri, imevujisha data mwaka 2015, ikarudia 2018, na 2024 yakavuja mawasiliano ya mamilioni ya wateja wake. SpyFone, nyingine ya aina hiyo, mwaka 2021 ilipigwa marufuku na FTC, tume ya Marekani ya kulinda wateja, kuendelea na biashara ya ufuatiliaji. Unamkimbia mtu mmoja anayetaka picha ya mwanao, kisha unazipeleka picha zake zote kwa watu usiowajua. Binafsi sikubali kuziweka, hata mzazi akilipa mara mbili.

MwalimuKilifi

Nimerudi kwa sababu tumeongea programu tukamsahau yule mtu wa almasi.

Dada, usifute yale mazungumzo. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba yake na tarehe, kisha ndipo umripoti na kumzuia ndani ya WhatsApp. Tanzania mna namba 116 ya kumsaidia mtoto, kupiga ni bure, na kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto. Huku Kenya 116 pia ipo. Usidhani ni jambo dogo kwa kuwa picha haikutumwa. Kundi lina watu mia mbili na mwanao si mtoto pekee humo.

Kisha kwenye WhatsApp ingia faragha, makundi, chagua kwamba wanaoweza kukuongeza ni watu uliowahifadhi tu.

MamaWanne, Dar es Salaam

Nimesoma yote mara mbili, la huyu binti wa miaka 20 nimelisoma mara tatu. Asante mwanangu, Mungu akutunze.

Ya siri nimeiacha. Jana jioni nilikaa na kijana, simu bado imo kwenye boksi. Nikamweleza kuhusu Family Link, nikamwonyesha kwenye simu yangu nitakachokiona na nisichokiona. Aliuliza swali moja: "Utasoma ninachoandika?" Nikasema hapana. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia yule mtu aliwahi kumwandikia na rafiki yake wa mtaa wa pili. Nisingelipata hilo kwa programu yoyote. Leo asubuhi nimekwenda kwa mama wa huyo mtoto, tumepiga 116 pamoja.

Tulivyokubaliana: Family Link na DNS ya mwalimu. Simu inajifunga saa tatu usiku na inalala sebuleni kwenye chaja. Free Fire saa moja kwa siku, mbili Jumamosi. WhatsApp asubiri atimize 13 kama masharti ya akaunti ya kawaida yanavyotaka, kwa sasa wenzake wampigie kwa namba. Hilo la mwisho limemuuma, nimekubali limuume.

Akaunti ilikuwa kama fundi alivyosema. Muuzaji aliandika 1995. Nimefungua mpya, imekubali.

Limebaki moja. Wadogo zake, wa miaka minane na sita, wanatumia simu yangu, na Family Link siwezi kuiweka humo kwa sababu ni yangu, ina M-Pesa na kila kitu. Nifanyeje?

FundiSimu_Arusha

Hapo Family Link haikufai, sahihi kabisa. Una njia mbili. Ya haraka ni kubandika programu kwenye skrini: ipo kwenye mipangilio ya usalama, unafungua katuni, unaibandika, na mtoto hawezi kutoka bila namba yako ya siri. Hakikisha umewasha ile ya kuomba namba wakati wa kubandua, wengi wanaisahau na mtoto anatoka kirahisi.

Ya pili, angalia kama simu yako ina hali ya watoto, Tecno na Infinix nyingi wanayo, na Samsung wana Samsung Kids. Unachagua programu tatu nne, wao wanaona hizo tu. Niandikie ni simu aina gani nikuelekeze inapokaa. Na leo hii kabla ya yote, badilisha namba ya siri ya M-Pesa. Wa miaka minane ameshaikariri.