Beta wanakufa kwenye vikombe vya dukani, tatizo ni nini?

Rafu_ya_Chini
Wakuu, habari za jioni. Duka la samaki wa mapambo, Kariakoo. Beta madume wanakaa kila mmoja kwenye kikombe cha plastiki cha mililita 400, vikombe vinagusana, AC inapuliza juu yake. Mzigo ukifika tunafungua mifuko na kuwadondoshea maji mapya tone kwa tone saa nzima. Wengi hawamalizi siku tatu. Wanaobaki mapezi yanachanika. Maji ni ya bomba la DAWASA, yanabadilishwa yote kila Jumapili. Nafasi ni finyu. Nianze na lipi?

FundiMaji
Anza na mfuko, mkuu. Samaki akiwa amefungiwa, hewa anayotoa inashusha pH ya maji (ikishuka, maji yanakuwa na asidi zaidi), na pH ikiwa chini amonia ya taka zake iliyojaa humo haimdhuru sana. Ukifungua tu, gesi inatoka, pH inapanda, amonia ileile inageuka sumu. Wewe ndo unamloweka humo saa nzima! Wanaokufa siku ya pili au ya tatu mara nyingi ni matamvua (mashavu ya kupumulia) yaliyoungua hapo.

Mfuko uelee ukiwa umefungwa dakika 15 hadi 20, joto lilingane. Kata, mimina yote kwenye wavu juu ya ndoo, samaki aende moja kwa moja kwenye maji mapya. Maji ya safari yamwagwe chooni.

Na kubadilisha Jumapili hadi Jumapili kwa mililita 400 ni kumfuga kwenye mkojo wake. Kikombe hicho kinataka maji mapya kila siku.

Kisima_Mbagala
Kwani beta si anavuta hewa ya juu? Kwao Thailand anaishi kwenye madimbwi. Kikombe kinamtosha.

FundiMaji
Kuvuta hewa kunamwokoa na uhaba wa oksijeni, hakumwokoi na amonia. Na majaruba ya mpunga ni ya kina kifupi, si membamba; dume ana eneo lake na majani ya kujifichia. Dukani weka angalau lita 2 kwa kila samaki, nusu ya maji ibadilishwe kila baada ya siku moja. Mteja mwambie nyumbani ni lita 15 kwenda juu.

Mama_Vioo
Naongezea kwenye maji. Klorini ya bomba itoe kwa sodiamu thaiosalfeti: gramu 10 kwenye mililita 100 za maji safi, kisha mililita 2 za mchanganyiko huo kwa ndoo ya lita 20. Ukipendelea kuacha maji wazi kwenye pipa siku moja au mbili, funika kwa chandarua, la sivyo utafuga mbu wa dengi. (Viluwiluwi wenyewe ni chakula kizuri cha beta, ila si vya mtaroni.) Maji ya kisima yapime kwanza, mengi hapa Dar yana chumvi, na pH ikiwa juu amonia inauma zaidi.

Mapezi: hao wanatunishiana mchana kutwa kwa sababu wanaonana. Weka kipande cha plastiki isiyopitisha mwanga kati ya chombo na chombo. Mteja akitaka kuona mapezi yakifunguka, kiondoe dakika mbili, rudisha.

Rafu_ya_Chini
Asanteni sana. AC bosi hazimi. Hita kwa kila chombo haiwezekani.

Mama_Vioo
Panga vyombo vyote ndani ya beseni moja pana lenye maji nusu, hita moja iwe humo kwenye beseni, nyuzi 26. Kila chombo kiwe na kifuniko chenye matundu: hewa iliyo juu ya maji ibaki ya joto na unyevu, na samaki asiruke. Chembe 2 au 3 za chakula asubuhi na jioni, mabaki yavute kwa bomba la sindano.

Kisima_Mbagala
Na kuweka majani ya mti wa mkungu kwenye maji?

Mama_Vioo
Makavu yaliyoanguka yenyewe, mbali na barabara, yaoshwe. Kipande cha nusu kiganja kwa lita 2, kibadilishwe kikianza kuoza. Yanalainisha maji kidogo tu. Amonia hayaigusi.