Mashini ya mvuke ya marehemu babu: niuze vipi nisipunjwe?

MjukuuWaMiritini
Assalam aleikum wanabaraza. Babu yetu ametangulia mbele ya haki, na katika alivyoacha kuna mashini ya mvuke ya kizamani iliyokaa nyuma ya nyumba, Miritini, tangu sisi wadogo. Aliinunua wakati shamba moja la mkonge upande wa Kilifi likiuza zana zake. Magurudumu ni ya chuma, ya nyuma yanifika kifuani. Boila ndefu imelala, bomba la moshi mbele, flaiwili (lile gurudumu zito la kuzunguka) ubavuni. Kibao cha shaba kimeandikwa John Fowler & Co., Leeds, na namba ya tarakimu tano. Babu akisema ilikuwa ikivuta matela yenyewe, ila babu naye kwa kutia chumvi hakuwa na mfano.

Sasa kuna jamaa wa skrapu ataka kuichukua kwa kilo, aikate na gesi papo hapo. Ami zangu washakubali. Shangazi hataki hata kusikia. Mie nimeona Wazungu wanavyozigombania hizi. Nifanyeje?

Mpwani_Mkavu
Pole kwa msiba. Yakhe, uza kilo mmalize. Chuma ni chuma.

FundiBoila
Usimsikize huyo. Mjukuu, kwanza tujue ni mashini gani. Chungulia kama ina usukani, na kama kuna gia zinazotoka kwenye ekseli ya flaiwili hadi magurudumu ya nyuma. Kama hakuna, hiyo ni ile ya kukokotwa na ng'ombe mpaka shambani, ikifika inazungusha mashini nyingine kwa mkanda. Ina wanunuzi wake, lakini bei iko chini sana ya ile inayojiendesha.

Kisha inama utazame chini ya boila. Ukikuta ngoma kubwa ya kamba ya waya imelala, kaa chini unywe maji kwanza. Fowler walisifika kwa mashini za kulima kwa kamba: mbili mbili, moja kila upande wa shamba, plau ikivutwa kati yao huku na huku. Hizo ni nzito, nyingine zinapita tani 15, na wapenzi wake hawachezi.

Usipige rangi. Usisugue kibao kwa grainda. Na tafadhali, asije kijana yeyote akawasha moto "kujaribu": boila iliyokaa miaka bila kupimwa huliwa na kutu kwa ndani, na ikipasuka haimuulizi mtu. Tafuta stoo ya babu pia. Geji, filimbi na vikombe vya mafuta vya shaba ndivyo vinavyoibiwa kwanza, huenda mzee alivificha.

Wakili_Tononoka
Kabla ya bei, hiyo mali bado si ya ami wala yako. Nendeni kwa Kadhi, warithi wote watajwe, shangazi akiwemo, msimamizi apatikane. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45: kugusa mali ya marehemu bila idhini ya sheria ni kosa, faini hadi shilingi 10,000 au kifungo hadi mwaka 1, au vyote viwili. Jamaa wa skrapu naye aonyeshe leseni. Sheria ya chuma chakavu ya 2015 yamtaka awe nayo.

Jambo la pili watu hulisahau. Kwa Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 ni mali ya kale, hakitoki nchini bila kibali. Kwa hivyo mwaka wa hiyo mashini lazima ujulikane. Ukishaujua, waandikie watu wa Makumbusho pale Fort Jesus, mjibiwe kwa barua. Maneno ya mdomo hayatakusaidia forodhani.

MjukuuWaMiritini
Shukran. Nimechungulia: usukani upo, gia zipo, ngoma hakuna. Mwaka nitaujuaje?

FundiBoila
Alhamdulillahi, babu hakutia chumvi! Karatasi za Fowler ziko kwenye makumbusho ya maisha ya shambani ya Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza. Watumie namba ya kibao. Ukipata mwaka na mnunuzi wa kwanza, bei inabadilika.

Klia_Kilindini
Kusafirisha kunawezekana. Hupandishwa kwenye kontena isiyo na kuta wala paa, bomba la moshi likifunguliwa. Kreni, lobedi (trela la chini la kubebea mizigo mizito), kontena: hizo pesa ni nyingi, kwa hivyo uza "hapo ilipo" na mnunuzi abebe gharama. Unaweza pia kuwaandikia Cheffins, madalali wa Cambridge wanaonadi mashini hizi, wakupe makadirio kwa picha. Mtu akikutumia hundi inayozidi bei, kisha aombe umrejeshee chenji, huyo ni mwizi. Pesa ziingie benki kwanza, kreni baadaye.

Mpwani_Mkavu
Haya, nimefuta kauli. Ami wamesemaje?

MjukuuWaMiritini
Wamenuna, lakini wamekubali kwenda kwa Kadhi. FundiBoila, waweza kuja kuitazama?

FundiBoila
Inshallah Jumamosi. Niwekee tochi, mafuta ya kulegeza kutu na spana kubwa. Vile vifuniko vya kutolea matope chini ya boila najua vimeganda.