Kipanga wa darasani kazini: akili nyingi inasaidia kiasi gani, na GPA ituamulie nani wa kumwajiri?

Mweka_Hazina (mleta mada)

Wakuu, kwema? Chama chetu cha akiba na mikopo kinatafuta maafisa mikopo wawili. Maombi yamepita 60, wote wana shahada, na bodi imegawanyika. Upande mmoja unataka tupange maombi kwa GPA (wastani wa alama za chuo), tuite wanane wa juu, tumalize. Upande wa pili unasema vipanga hawafai kazini, na ushahidi wao ni ule wa vijiweni: waliokuwa kumi bora enzi ambazo Necta, Baraza la Mitihani, ilikuwa bado inatangaza kumi bora hawajulikani walipo, na aliyepata divisheni ya nne ana maduka matatu Kariakoo.

Wajuzi wa takwimu na wa mambo ya ajira, akili nyingi inasaidia kiasi gani hasa? Na kwa nafasi hizi mbili tufanyeje?

Namba_Hazioni_Haya

Mkuu, kwanza tuache kuyaita yote "mafanikio". Mwaka 2007 Tarmo Strenze alikusanya tafiti zilizopima akili za watu wakiwa wadogo na kuwafuatilia hadi ukubwani. Uwiano wa akili na elimu ambayo mtu anafikia ulikuwa 0.56. Na hadhi ya kazi, 0.43. Na kipato, 0.20 tu. Uwiano ukiwa 1, ukijua akili ya mtu umeshajua na kipato chake. Ukiwa 0, hujajua lolote.

Sasa tuzitumie. Wastani wa IQ (alama za kipimo cha akili) ni 100 na mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika, ni 15, kwa hiyo mwenye 130 yuko michepuko miwili juu. Anawazidi kama watu 98 katika 100. Zidisha 2 kwa 0.56, unapata michepuko 1.12: kwa elimu, tarajia awazidi 87 hivi. Kwa hadhi ya kazi, 80. Kwa kipato, 2 mara 0.20 ni 0.4, yaani awazidi watu 65. Na huo ni wastani wao. Ukiingiza mtawanyiko, vipanga kama 34 katika kila 100 wa kiwango hicho wanaangukia chini ya kipato cha katikati.

Kwa hiyo wajumbe wako wa upande wa pili hawasemi uongo. Theluthi nzima ni watu wengi, kila mtaa utakuwa na wake. Wanachokosea ni kuhesabu upande mmoja. Mwenye maduka matatu anaonekana kwa sababu ana maduka. Waliopata divisheni ile ile na hawana hata kibanda hakuna anayewataja kijiweni.

Pia msichanganye kipato na mali. Jay Zagorsky alichambua takwimu za Wamarekani zaidi ya 7,000, matokeo yakatoka 2007 hiyo hiyo. Kila pointi moja ya IQ iliambatana na nyongeza ya kipato ya dola 234 hadi 616 kwa mwaka. Alipofika kwenye utajiri uliobaki mkononi, baada ya kuzingatia mambo mengine, uhusiano haukuonekana. Wenye akili nao walichelewa kulipa bili na kujaza kadi zao za mkopo hadi kikomo.

Bi_Saikolojia

Naongezea mfano mmoja ambao watu huutaja nusu nusu. Mwaka 1921, Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kukusanya watoto wa California wenye IQ kubwa, wengi 140 kwenda juu. Walifika 1,528 na wakafuatiliwa maisha yao yote. Kwa jumla walifanya vizuri kuliko Wamarekani wa kawaida: shahada nyingi, vipato vya juu. Lakini William Shockley na Luis Alvarez walipimwa wakiwa watoto, wakaachwa nje kwa sababu alama hazikutosha, na wote wawili wakaja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia, Shockley 1956 na Alvarez 1968. Katika wale 1,528 hakuna aliyeipata.

Kisa hicho kinapendwa sana, ila kwangu si ndicho chenye faida. Chenye faida ni kile alichofanya msaidizi wa Terman, Melita Oden, katika ripoti ya 1968. Aliwachukua wanaume 100 waliofanikiwa zaidi ndani ya kundi na 100 waliofanikiwa kidogo kuliko wote, akawalinganisha. IQ zao zilikaribiana. Walipotofautiana ni elimu ya wazazi, kung'ang'ania jambo mpaka liishe, kujiamini, na kuwa na lengo moja linaloeleweka. Na msisahau wanawake wa kundi hilo: akili walikuwa nazo, lakini sehemu kubwa waliishia kuwa mama wa nyumbani, kwa kuwa milango ya kazi Marekani ya wakati ule haikuwa wazi kwao. Hapo huwezi kulaumu juhudi.

Kasoro moja ya utafiti huo: Terman aliwaandikia baadhi ya vijana wake barua za mapendekezo. Anayepima akishaanza kumbeba anayepimwa, sehemu ya mafanikio ni yake yeye.

Mkaa_Kijiweni

Nilivyosikia ukishavuka IQ 120 nyongeza haina maana tena. Mnasemaje?

Namba_Hazioni_Haya

Mkuu, hiyo imeshapimwa ikakataa. Mwaka 1971 Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alianzisha utafiti wa kuwapa watoto wa miaka 12 na 13 mtihani wa SAT, ambao kwa kawaida hufanywa na wanaoelekea chuo kikuu. Ulikuwa mgumu kiasi cha kuwatenganisha hata wale wa asilimia moja ya juu. Walipokua, robo ya juu ya hiyo asilimia moja ilikuwa na shahada za uzamivu na hataza (haki za kumiliki uvumbuzi) nyingi kuliko robo ya chini. Mtihani rahisi huwapa wote 100 kwa 100, ndipo watu wanadhani hawatofautiani.

Afisa_Rasilimali

Nirudi kwenye bodi yako, Mweka_Hazina. Kwa miaka mingi namba iliyotajwa kwa uwiano wa vipimo vya akili na utendaji kazini ilikuwa 0.51, ya Schmidt na Hunter, 1998. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake waliirudia hesabu wakaona masahihisho ya kitakwimu ya zamani yaliipandisha mno. Ikashuka hadi 0.31. Mahojiano yenye mpangilio yakawa juu kwa 0.42, mtihani wa ujuzi wa kazi yenyewe 0.40, zoezi la kazi 0.33. Mahojiano ya kupiga soga, 0.19. Miaka ya uzoefu, 0.07! Nyingi ya tafiti hizo ni za Marekani, lakini mpangilio wa nani juu nani chini unatosha kukuongoza.

GPA nayo si IQ. Ina akili ndani, ina bidii, ina chuo na mhadhiri mkali au mpole. Kwenye kipimo cha 5.0, mwenye 3.6 na mwenye 3.9 wote ni daraja la pili la juu, na kama wametoka vyuo tofauti usidai unajua nani zaidi. Weka kiwango cha chini, tuseme 2.7, kisha GPA uifunge kabatini.

Wote waliovuka wape zoezi la dakika 45. Faili la mkopo la kubuni lenye makosa manne uliyoyaficha: sahihi ya mdhamini haipo, tarehe hazilingani, kipato kimejumlishwa vibaya, dhamana imeandikwa mara mbili. Ongeza hesabu: mkopo wa 1,200,000, miezi 12, riba 1.5% kwa mwezi. Riba isiyopungua inaleta jumla ya 216,000. Ikitozwa kwenye salio linalopungua, mtaji ukirejeshwa 100,000 kila mwezi, ni 117,000. Asiyeweza kumweleza mwanachama tofauti hiyo kwa Kiswahili chepesi ataleta ugomvi dirishani hata akiwa na GPA ya 4.6.

Wanane wa juu ndio muwaite.

Mweka_Hazina

Asante sana. Mahojiano "yenye mpangilio" ndiyo yapi? Sisi huwa tunakaa watu watano, kila mmoja anauliza lake.

Afisa_Rasilimali

Hilo la kila mmoja na lake ndilo la kuacha. Andikeni maswali sita kabla ya siku ile, yatokane na kazi: mkopaji ni ndugu wa mjumbe wa bodi na hana sifa, utafanyaje? Mteja amechelewa siku 40 na simu hapokei, hatua yako ya kwanza? Kila mwombaji aulizwe yale yale, kwa mpangilio ule ule. Kwa kila swali andikeni jibu la alama 1 likoje, la 3 likoje, la 5 likoje. Watano ni wengi, watatu wanatosha. Kila mmoja ajaze karatasi yake na kuikabidhi kabla hamjajadili, na mwenyekiti azungumze wa mwisho, maana akitangulia kusema "huyu kijana ameniingia", alama zote zitamfuata yeye.