Shimo mnalisogeza mtoni, tuta mnalipandisha kwa udongo mlegevu, maji yakiingia mnasingizia mvua

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mwaka wa sita huu naendesha kijiko kwenye machimbo ya changarawe kando ya mto, na juzi maji yameingia shimoni kwa mara ya pili, pampu mbili zimezama, barabara ya matipa imekatika katikati, halafu kikao kizima bosi anaongelea mvua tu. Mvua haikuchimba ule ukingo. Tuliuchimba sisi, na niliyekuwa kwenye kiti ni mimi.

Iko hivi. Kati ya shimo na mto kuna ukanda wa ardhi ambao haupaswi kuguswa, miti yake na nyasi zake zinabaki vilevile maana mizizi ndo inashika udongo. Tulipoanza ulikuwa mpana na vigingi vikapigwa. Sasa kila kiangazi inakuja amri, ongezeni hatua chache, mzigo mzuri uko upande wa mto. Na kweli mzigo mzuri uko huko, mto umeshauosha, hauna udongo mwingi, ndo maana tamaa inawashika. Leo kimebaki kiukuta ambacho matipa mawili hayapishani juu yake.

Badala ya kurudi nyuma wao wanapandisha tuta! Tena kwa udongo wa juu tuliofukua wenyewe, wa kumwaga tu, haujashindiliwa, hauna jiwe hata moja. Jamani tuta refu la udongo mlegevu ni hatari kuliko tuta fupi lililojengwa vizuri, kwa sababu huku maji yamejaa na kule kuna shimo tupu ambalo sakafu yake iko chini kuliko sakafu ya mto, kwa hiyo siku yakivuka hata kwa kiganja kimoja yanaanguka kama maporomoko, yanakula mguu wa tuta, na ule mkato hautulii pale, unarudi nyuma kuelekea mtoni, unarudi tu, mpaka mto wenyewe unaacha njia yake na kupindia shimoni. Juzi usiku tulikuwa tunasikia ardhi inadondoka vipande vipande gizani, na vijana wa pampu walikuwa bado wako chini. Hilo ndo linaniuma kuliko yote.

Anayeona natia chumvi akaangalie Ujerumani, Julai 2021, Blessem pale Erftstadt. Mto Erft ulifurika, maji yakashukia kwenye machimbo ya changarawe ya jirani, mmomonyoko ukarudi nyuma ukafika kwenye makazi ya watu na nyumba zikaporomoka.

Na balaa haliishii saiti. Mto ukishaingia shimoni, changarawe yote uliyokuwa unaisafirisha inatua mle, maji yanatoka upande wa chini yakiwa hayana mzigo, na maji ya namna hiyo yanakula sakafu ya mto na kingo kila yanapopita. Huku juu nako sakafu inashuka, visima vya jirani vinashuka nayo, nguzo za madaraja zinaachwa wazi. Ureno tarehe 4 Machi 2001 daraja la Hintze Ribeiro kwenye mto Douro lilianguka, watu 59 wakafa, na uchimbaji wa mchanga mtoni ulitajwa kwenye sababu.

Halafu kuna yale malundo yetu tunayorundika kwenye uwanda ambao mto unautumia kupumulia ukifurika. Maji yakiyakuta yanasukumwa ng'ambo. Kule kuna mzee shamba lake linaliwa kila msimu, amekuja getini mara tatu kwa adabu kabisa, na mara tatu ameambiwa mto ni wa Mungu. Mzee wangu, malundo ni yetu.

Tulichoomba sio maajabu. Ukanda urudishwe, upandwe. Pampu na mafuta vipandishwe juu kabla ya msimu sio maji yakishafika magotini. Na kwenye tuta ichaguliwe sehemu moja upande wa chini wa shimo, ishushwe makusudi, mteremko wake ulazwe sana, iwekwe tabaka la changarawe ya kuchuja ili udongo usinyonywe, na juu yake mawe makubwa yenye kona, sio yale ya mviringo yanayobingirika. Maji yakizidi yaingie hapo taratibu, shimo lijae, usawa wa ndani ukilingana na wa nje nguvu inakuwa imeisha. Bosi akanijibu mbele ya watu, yaani unataka nimfungulie mto mlango? Ndiyo bosi. Mlango mmoja wenye mawe, mahali ulipopachagua wewe, watu wakiwa wameshatoka shimoni. Usipoufungua mto utajitobolea wenyewe, na utatoboa usiku.

Jumatatu nimepangiwa kupandisha tuta lilelile kwa udongo uleule. Nimemwambia msimamizi sipandi mtambo mpaka vigingi virudi vilipokuwa, na najua maana yake kwa kazi yangu. Kama humu kuna aliyewahi kujenga hiyo njia ya maji ya mawe na ikakaa misimu miwili mitatu, aniambie mteremko aliulaza kiasi gani na mawe yalikuwa ya ukubwa gani, nataka niingie ofisini na kitu mkononi.