Diski ya nje inakatika katikati ya kukopi, napunguza wapi data ya mkupuo mmoja?

kijana_langoni (Lamu):
Asalam aleikum waungwana, naomba msaada manake leo siku ya tatu nimekwama. Nina diski ya 500GB nilitoa kwa laptop iliyokufa nikaitia kwa kasha la USB 2, ndani mna video za harusi nazorekodi hapa mtaani na bibi harusi mmoja ashanipigia mara mbili leo. Faili ndogo zinapita sawa, lakini video ya 4GB ikifika kati taa ya kasha inaganda, diski inapotea halafu inarudi kwa jina jingine, ilikuwa sdb sasa ni sdc. Natumia Ubuntu, dmesg (kumbukumbu ya ujumbe wa mfumo) imejaa "reset high-speed USB device". Nasikia kuna mahali unapunguza data inayopita kwa mkupuo mmoja, ni wapi?

fundi_malindi:
Waaleikum salaam. Kabla hujagusa seting yoyote toa habu (kile kigawanya porti), chomeka moja kwa moja kwa laptop na ubadilishe waya. Porti ya USB 2 mwisho wake miliampea 500, ya USB 3 ni 900, diski ikikosa moto wa kutosha dalili ndio hizo hizo. Hapa Malindi nishaletewa makasha mangapi yasemwa mabovu kumbe ni waya.

kijana_langoni:
Nimefanya yote mawili kaka, bado.

ummu_S:
Basi ni chipu ya kasha, ile inayounganisha USB na SATA. Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, kwa USB 2 inaomba hadi sekta 240 kwa mara moja, sekta ni baiti 512, hiyo ni KB 120, na kwa USB 3 inafika 2048 yaani MB 1. Kuna chipu hazimezi kiasi hicho, zinaganda, keneli inangoja wee mwisho inaireset. Diski yako haina ubaya mwanangu. Andika hivi, ukiweka jina la diski lilivyo sasa:

echo 64 | sudo tee /sys/block/sdc/device/max_sectors

Hapo ni KB 32 kwa ombi. Na usichanganye na /sys/block/sdc/queue/max_sectors_kb, ile yahesabu kilobaiti, ukitia 64 pale umeweka sekta 128, mimi nilipoteza jioni nzima kwa kosa hilo. Ila lsusb -t (amri ya kuorodhesha vifaa vya USB) ikikuonyesha Driver=uas, yaani kasha linatumia draiva nyingine, ile faili ya kwanza hutaiona kabisa, hapo tumia hii ya queue utie 32.

kijana_langoni:
Alhamdulillah imepita!! Video nzima imeisha bila kukatika, spidi imeshuka kutoka 31 hadi 25MB kwa sekunde, kwangu si neno. Nimepiga md5sum (namba ya kulinganisha faili) pande zote mbili namba zimefanana. Lakini nimechomoa nikachomeka tena imerudi 240?

ummu_S:
Ndio, haikai. Ya kudumu chukua ile ID ya lsusb, namba mbili zenye nukta pacha kati, ufungue faili /etc/modprobe.d/kasha.conf uandike

options usb-storage quirks=ID:m

hapo penye ID weka namba zako, hiyo m ndiyo sekta 64. Kisha sudo update-initramfs -u na ureboot.

fundi_malindi:
Na hizo video zitie pahali pa pili leo leo kaka, kabla hujampelekea bibi harusi.