Mjadala: Shirika la tiba la Wapalestina liongozwe kutoka London au kutoka Gaza?

Mleta mada

Wanajamvi, naomba tulijadili kwa utulivu jambo ambalo kila likitajwa huishia kwenye kulaumiana: shirika la misaada ya tiba kwa Wapalestina liongozwe na nani, na huyo kiongozi awe amekaa wapi anapoamua mambo ya kufa na kupona? Nitatumia mfano wa Medical Aid for Palestinians, shirika la Uingereza ambalo wengi hulifupisha MAP, kwa sababu historia yake iko wazi na kwa sababu limepitia mitihani mingi ya uongozi wa namna hii.

MAP lilianzishwa mwaka 1984, miaka miwili baada ya mauaji ya wakimbizi wa Kipalestina katika kambi za Sabra na Shatila mjini Beirut. Mmoja wa waanzilishi wake ni Dk. Swee Chai Ang, daktari bingwa wa mifupa aliyezaliwa Penang, akakulia Singapore, kisha akahamia London. Mwaka 1982 alijitolea kwenda Lebanon, na mauaji yale yalimkuta akiwapasua majeruhi katika Hospitali ya Gaza, kule Sabra. Watu humkumbuka kwa ujasiri wake, na wana haki, maana baadaye alikwenda Jerusalem kutoa ushahidi mbele ya Tume ya Kahan, tume ya Israeli iliyoyachunguza mauaji hayo. Ila kuna jambo ambalo halitajwi sana: hospitali ile haikuwa ya wageni. Ilikuwa ya Hilali Nyekundu ya Palestina, chama kilichoanzishwa mwaka 1968 na Dk. Fathi Arafat, ndugu yake Yasser Arafat. Kwa hiyo daktari kutoka London alifika pale kama msaidizi katika nyumba yenye wenyewe, akapangiwa zamu na wenyeji na akafuata utaratibu wao. Shirika lililozaliwa kutokana na uzoefu huo lingepaswa kuubeba mpangilio huo katika damu yake.

Miaka 40 baadaye hali ni ngumu zaidi. Januari 18, 2024, nyumba waliyokuwa wakilala madaktari wa MAP na wa shirika la International Rescue Committee huko Al-Mawasi, Gaza, eneo ambalo raia walikuwa wameambiwa ni salama, ilipigwa. Jeshi la Israeli lilikuwa limekwisha kujulishwa mahali nyumba hiyo ilipo tangu mwezi uliotangulia, na ukaguzi wa Umoja wa Mataifa ulihitimisha kwamba lilikuwa bomu lililodondoshwa na ndege ya F-16. Watu kadhaa waliumia, na timu ililazimika kuondoka, na Hospitali ya Nasser waliyokuwa wakiisaidia ikapoteza madaktari hao wa upasuaji wakati iliwahitaji kuliko siku nyingine yoyote. Madaktari wa Uingereza walirudi kwao. Wenzao wa Kipalestina walibaki, kwa sababu kwao ndiko hukohuko.

Miezi michache baadaye, Julai 4, 2024, Melanie Ward, aliyekuwa mtendaji mkuu wa MAP, alichaguliwa kuingia Bunge la Uingereza, kama mbunge wa Cowdenbeath and Kirkcaldy huko Scotland kwa tiketi ya chama cha Labour. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wapo waliosema ni heri kubwa, kwamba sasa kuna mtu bungeni anayejua chumba cha upasuaji kisicho na dawa ya usingizi maana yake ni nini. Wengine walikumbusha kwamba Novemba 15, 2023, bunge hilohilo lilipopigia kura pendekezo la kutaka mapigano yasitishwe, uongozi wa Labour uliwaagiza wabunge wake wasiliunge mkono, na ni 56 tu waliokaidi. Pendekezo lilianguka kwa kura 293 dhidi ya 125, wakati MAP lenyewe lilikuwa likidai hadharani mapigano yasitishwe.

Mimi simlaumu mama huyo. Kugombea ni haki ya raia, na kufikia Februari 2024 chama chake kilikuwa kimeubadilisha msimamo. Ninachohoji ni muundo. Ikiwa kiti cha juu cha shirika hili ni kiti ambacho mtu anaweza kutoka Ijumaa na Jumatatu akaendelea na maisha mengine London, basi maamuzi ya hatari yasiachwe mikononi mwa kiti hicho peke yake. Msimamo wangu ni kwamba uamuzi wowote unaohatarisha uhai wa wafanyakazi walioko Gaza na Ukingo wa Magharibi ungetakiwa kupata ridhaa ya wafanyakazi hao, kwa maandishi ndani ya katiba ya shirika, na bodi ya London isiwe na uwezo wa kuipindua. Karibuni tujadiliane.

Mchangiaji wa kwanza, Mombasa

Ndugu mleta mada, ahsante kwa kuanza na historia. Hata hivyo naona umelirukia hitimisho kabla ya kutazama sheria, nami nimefanya kazi ya ukaguzi wa hesabu za mashirika kwa muda wa kutosha kujua kwamba hapo ndipo nia njema nyingi hukwama.

Shirika la hisani lililosajiliwa Uingereza ni mali ya wadhamini wake kwa maana ya dhamana. Hao ndio wanaowajibika mbele ya Tume ya Mashirika ya Hisani, kwa kawaida bila kulipwa, na mtendaji mkuu ni mwajiriwa wao tu. Wanaweza kukasimu kazi, lakini hawawezi kukasimu dhamana. Ukiandika katiba inayosema kundi fulani la waajiriwa linaweza kuifunga mikono bodi, siku fedha zikipotea au tuhuma zikizuka, ni wadhamini hao hao watakaoitwa kujibu kwa uamuzi ambao hawakuwa na uwezo wa kuuzuia. Ni mdhamini gani mwenye akili timamu atakayekubali? Na usisahau kwamba mashirika yanayowasaidia Wapalestina huchunguzwa kwa jicho kali kuliko mengine. Kuna benki ambazo hufunga akaunti au huchelewesha uhawilishaji wa fedha kwa shaka tu, na kosa dogo la kiutawala hugeuzwa kuwa kashfa. Kiongozi anayeijua London, anayejua mlango upi ubishwe na ofisa yupi apigiwe simu, si pambo.

Kuhusu ubunge, nadhani umelipa jambo hilo uzito kupita kiasi. Sheria za Uingereza zinaliruhusu shirika la hisani kupigania sera zinazohusu lengo lake, lakini linakatazwa kabisa kukipigia debe chama. Basi aliyeingia kwenye chama ameondoka kwenye shirika, na shirika limebaki na mikono safi. Ungependelea wabunge wote watoke kwenye mabenki? Serikali iliyoingia Julai 2024 ilirudisha fedha za UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, mwezi huohuo, Septemba ikasimamisha leseni takriban 30 kati ya 350 za kuiuzia Israeli silaha, na Septemba 2025 ikalitambua taifa la Palestina. Unaweza kusema hayatoshi, nami nitakubaliana nawe, hasa kwa vile vipuri vya ndege za F-35 viliachwa nje ya zuio hilo kwa sehemu kubwa. Lakini shinikizo lilitoka mahali fulani, na sehemu yake lilitoka kwa watu waliojua kuzungumza lugha ya Westminster, yaani Bunge la Uingereza.

Mchangiaji wa pili, Dar es Salaam

Habari zenu wakubwa. Mimi ni muuguzi, na mjadala wenu unanigusa kwa upande ambao hamjaugusa: kiongozi aliyeko ndani analipa nini kwa uongozi wake.

Dk. Hussam Abu Safiya alikuwa mkurugenzi wa Hospitali ya Kamal Adwan huko Beit Lahia, kaskazini mwa Gaza, na wakati huohuo ndiye aliyeongoza kazi za MedGlobal, shirika la tiba la Marekani, ndani ya Gaza. Kwa hiyo kile anachokidai mleta mada pale palikuwapo: shirika la ng'ambo, kiongozi mwenyeji. Daktari huyu wa watoto alikataa kuwaacha wagonjwa. Oktoba 2024 mwanawe aliuawa, akamzika, akarudi kazini. Desemba 27, 2024, hospitali ilivamiwa na yeye akakamatwa. Nadhani wengi mliiona picha iliyosambaa, akiwa amevaa koti lake jeupe, akitembea peke yake katikati ya vifusi kuelekea kwenye magari ya kivita.

Naileta habari hii kwa sababu mtu anayependekeza uongozi uhamie Gaza lazima aseme pia nani atamlinda kiongozi huyo. Ukimtangaza jina, ukamweka kwenye tovuti, ukampa mamlaka ya kuamua, umemfanya aonekane. Machi 23, 2025, huko Rafah, wahudumu wanane wa Hilali Nyekundu waliuawa pamoja na watu sita wa ulinzi wa raia na mfanyakazi mmoja wa Umoja wa Mataifa. Taa za magari yao ya wagonjwa zilikuwa zinawaka, na tunajua hivyo kwa sababu simu ya mmoja wa marehemu ilirekodi. Walifukiwa pamoja na magari yao. Kama sare na taa hazikuwakinga, cheo kitamkinga nani?

Wakati huohuo siwezi kukubaliana na ndugu yangu wa Mombasa kwamba siasa ni kitu cha kuachiwa wenye kuijua Westminster. Mustafa Barghouti ni daktari aliyeshiriki kuanzisha kamati za misaada ya tiba za Wapalestina mwaka 1979, zilizopeleka kliniki vijijini ambako utawala wa kijeshi haukuwa na haja ya kupeleka kitu. Mwaka 2005 aligombea urais wa Mamlaka ya Palestina na akashika nafasi ya pili nyuma ya Mahmoud Abbas. Yeye naye alitoka kwenye tiba akaingia kwenye siasa. Tofauti ni kwamba waliompigia kura ndio haohao aliowatibu, nao wangeweza kumnyima. Wapiga kura wa Cowdenbeath, kwa heshima zote, hawawezi kumwajibisha mtu kwa yale yanayotokea Khan Younis, Gaza.

Mleta mada

Ndugu yangu wa Mombasa, nakubali hoja ya dhamana, na nairekebisha hoja yangu ipasavyo. Bodi na iendelee kubeba dhamana ya fedha, ya hesabu na ya sheria. Sitaki wafanyakazi wa Gaza waidhinishe bajeti ya ofisi ya London. Nataka jambo moja mahususi, na nitalitaja ili tusizunguke.

Machi 2025 Israeli ilitangaza utaratibu mpya wa kuyasajili mashirika ya kimataifa, na miongoni mwa masharti yake ni kuwasilisha orodha ya majina ya wafanyakazi wa Kipalestina. Fikirieni mkutano unaolijadili sharti hilo. Upande mmoja kuna dawa, vifaa na madaktari wageni ambao bila usajili hawataingia. Upande wa pili kuna majina ya watu, pamoja na namba zao za vitambulisho, yanayokabidhiwa kwa dola ambayo jeshi lake limepigana vita pale wanapoishi, katika vita ambavyo wafanyakazi wa afya zaidi ya 1,000 wameuawa. Mkitoa orodha, mnaweza kuwa mmewaponza. Mkikataa, wagonjwa wanaweza kukosa antibayotiki. Huu ni uamuzi mgumu kwelikweli, na sidai kuwa najua jibu lake. Ninachodai ni kwamba wenye majina ndio wapige kura, mmoja mmoja, na wakisema hapana iwe hapana, hata kama shirika litapoteza usajili. Hakuna sheria ya Uingereza inayomlazimisha mdhamini kulitoa jina la mwajiriwa asiyeridhia kuhatarishwa. Bodi ikiliandika hilo kama sera yake yenyewe, dhamana yake haijapungua hata chembe.

Dada muuguzi, hoja yako ya kuonekana ni nzito kuliko zote, na imenifanya nione kwamba mamlaka na jina la hadharani si lazima vikae kwa mtu mmoja. London na itoe sura, isimame mbele ya kamera, ipokee lawama. Mamlaka juu ya hatari yanaweza kukaa kwa kamati ya wafanyakazi wa ndani ambayo majina yake hayachapishwi popote.

Kwetu tunao mfano wa uongozi kuhama. Amref ilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa upasuaji waliotoka ng'ambo, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees. Leo makao yake makuu yako Nairobi na tangu 2015 inaongozwa na Dk. Githinji Gitahi, Mkenya. Wafadhili wa Ulaya na Amerika hawakukimbia. Na mwaka 2016 wafadhili wakubwa na mashirika ya misaada waliahidi kwamba kufikia 2020 angalau asilimia 25 ya fedha za dharura zingeyafikia mashirika ya wenyeji moja kwa moja au karibu na hivyo. Lengo hilo halikufikiwa. Waliahidi fedha bila kugusa nani anaamua, na ndiyo maana nimeng'ang'ania swali la uamuzi.

Mchangiaji wa kwanza, Mombasa

Mfano wa Amref naukubali nusu, kwa kuwa Nairobi haijazingirwa, na mkurugenzi wake akitaka kwenda kuonana na mfadhili anapanda ndege. Mwenzake wa Gaza hawezi hata kuvuka mpaka wa Rafah bila kibali.

Kuhusu orodha ya majina, umenishawishi. Ridhaa ya mtu mmoja mmoja inaweza kuandikwa kama sera ya bodi bila kuvunja sheria yoyote ninayoijua, na kama ningekuwa mdhamini ningeipigia kura. Lakini kamati yenye mamlaka na isiyojulikana majina, hiyo sijaikubali. Mkaguzi atauliza nani ameamua, na anastahili kujibiwa. Labda majina yafungwe kwa mwanasheria wa nje, yafunguliwe tu kwa amri ya mahakama au baada ya miaka kadhaa. Nileteeni namna hiyo ikiwa imeandikwa vizuri, nitaisoma.

Mchangiaji wa pili, Dar es Salaam

Pamoja na mwanasheria, ongezeni fungu la kuzitunza familia. Kamati ikisema hapana na usajili ukapotea, mishahara ya watu hao isikatwe, kwa sababu mtu anayejua kwamba kura yake itawanyima watoto wake chakula hajapewa hiari yoyote. Hilo na liandikwe kwenye ukurasa uleule wa sera, na kiasi chake kitajwe.